Anayeimba Anasubiri Nini

Tangu Jumapili swali la Mama Mkubwa halijanitoka. Aliketi kwenye kiti cha Baba, akavaa hedifoni zangu juu ya kilemba chake, akausikiliza hadi mwisho wimbo alioutunga yeye mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu, nikiuimba mimi juu ya rekodi ya kinanda niliyotumiwa na mpiga kinanda wa kwaya. Alipomaliza alizivua taratibu, akazifuta kwa ncha ya kanga, kisha akaniuliza:

“Mwanangu, huyu anayeimba anasubiri nini?”

“Hasubiri kitu, Mama Mkubwa. Muziki ndivyo ulivyo.”

“Muziki umeshafika. Yeye ndiye anayesubiri.”

Akaomba chai, na mazungumzo yakahamia kwenye mahari, ambayo imekwishapelekwa Magu na kupokelewa vizuri. Wiki hii pia nimehamishwa kutoka chumba cha minofu kwenda ofisi ya usafirishaji pale kiwandani, jambo nililoliomba tangu mwaka jana, lakini hata nilipokuwa nikisaini barua ya uhamisho nilikuwa bado najibizana naye kimoyomoyo. Muziki umeshafika. Yeye ndiye anayesubiri.

Liliniuma kwa sababu ya aliyelisema. Mama Mkubwa ameongoza kwaya tangu mimi sijazaliwa, na sikio lake halimpendelei mtu, hata awe mwanawe. Liliniuma pia kwa sababu chumba nilichorekodia nilikuwa nimekiandaa kwa moyo wote. Sisi wa Bugarika, hapa Mwanza, tunaishi katikati ya majabali, na sauti ikigonga ukuta hurudi kali. Kwa hiyo nilitundika mablanketi nyuma yangu, si nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa maiki yangu husikia zaidi upande wa mbele, na mwangwi unaotoka ukutani nyuma ya mwimbaji ndio unaoingia humo moja kwa moja. Niliunganisha maiki na saundi kadi, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, kwa waya wa pini 3, nikawasha umeme wa volti 48 ambao maiki yangu ya kondensa haifanyi kazi bila huo, nikapunguza nguvu ya kuingiza sauti hadi vilele vyake vikaishia karibu desibeli 12 chini ya kikomo ambacho sauti ikikipita huharibika. Hedifoni nilichagua zile zinazofunika sikio lote ili kinanda kisivujie kwenye maiki. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado mama yule alisikia mtu anayesubiri.

Alhamisi usiku, jirani alipozima redio, nilivaa hedifoni nikapiga kofi moja mbele ya maiki. Kofi lilinifikia masikioni baada ya mikono kukutana. Nikapiga tena, polepole, na moyo ukaanza kunienda mbio kwa furaha, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshika ncha ya jambo lenyewe.

Kompyuta haiipokei sauti kama mkondo. Huikusanya kwa mafungu ndipo iishughulikie. Programu yangu ya kurekodia ilikuwa imejiwekea fungu la sampuli 1,024, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, na kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu moja huchukua takriban milisekunde 23 wakati wa kuingia na 23 nyingine wakati wa kutoka. Jumla ni milisekunde 46 hivi. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, maana yake ni kwamba nilikuwa nikijisikia kana kwamba nimesimama karibu mita 16 kutoka kwenye kinywa changu mwenyewe. Programu yenyewe huirudisha nyuma sauti iliyorekodiwa ili ikae sawa na kinanda, kwa hiyo kuchelewa alikokusikia Mama Mkubwa hakukutoka kwenye mashine moja kwa moja. Kulitoka kwangu: sikio lilikuwa likiingojea sauti, na kinywa kikalitii sikio.

Ningeweza kupunguza fungu hadi sampuli 128, ambazo ni kama milisekunde 3 tu, lakini laptopu hii ya zamani huanza kukatakata sauti. Saundi kadi, hata hivyo, ina kitufe cha kuzungusha kinachopeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni bila kuipitisha kwenye kompyuta. Nilikizungusha upande huo, nikazima ndani ya programu ile sauti yangu inayorudi ili nisijisikie mara mbili, nikaanza ubeti wa kwanza. Sijui nieleze vipi raha ile ya kuikuta sauti yangu imekaa kinywani mwangu, na kinanda kikiwa ubavuni pangu wala si mbele yangu. Niliimba hadi shingo ikatoka jasho.

Jana nimeisikiliza rekodi mpya kwa utulivu. Beti mbili za mwanzo zimesimama vizuri kabisa. Ubeti wa tatu, ule ambao mama wa bwana harusi anamkabidhi mwanawe kwa mkewe, bado unachelewa kidogo mwanzoni mwa kila mstari, na pale hakuna kitufe cha kuzungusha. Mama yetu hatakuwepo kumkabidhi mtu, na nadhani Mama Mkubwa aliyajua hayo alipouliza. Nitamuomba tuuimbe ubeti huo pamoja, yeye sauti ya pili, kwenye maiki ileile moja.

Baba naye ameshikilia kwamba Jumamosi atavuka kwenda Ukara kumwalika shangazi kwa mdomo wake mwenyewe. Tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa hicho Septemba 2018 sina amani mtu wa nyumbani akiwa kwenye njia ile, na upepo wa wiki hii si mzuri. Nimemwomba anipigie akifika Nansio, kule Ukerewe, na anipigie tena kabla ya kupanda kivuko pale Bugolora, lakini simu yake imeanza kujizima ovyo, na betri yake sijaipata mjini kote.