Gazania Arusha: kiangazi si tatizo, tatizo ni masika

Gazania ni ua la kutambaa, asili yake Kusini mwa Afrika. Geuza jani lake uone upande wa chini: limevikwa vinyweleo vyeupe kama pamba, na hivyo ndivyo linavyobana maji yasipotee juani. Kiangazi cha Arusha linakimudu vizuri. Kazi kubwa kwangu imekuwa kulivusha masika.

Mvua za Machi hadi Mei zikilikuta kwenye udongo mweusi ulio bapa, maji hutuama shingoni, pale majani yote yanapokutana. Dalili ya kwanza inadanganya: mche hunyauka mchana kana kwamba una kiu, na mtu huukimbilia na ndoo. Mimi kwanza navuta jani moja la katikati. Likichomoka lenyewe, kitako chake ni cha kahawia na kinateleza, mche umeoza. Naung'oa pamoja na udongo wake.

Kinga ni tuta. Naliinua sentimita 20 juu ya njia, madebe mawili ya udongo kwa debe moja la changarawe ndogo. Samadi iliyoiva naweka koleo moja tu kwa mita ya mraba. Ukizidisha utavuna majani manene na maua ya kuhesabu. Kati ya mche na mche naacha sentimita 25 hadi 30. Shingo ibaki juu kidogo ya udongo, na juu ya tuta natandaza kokoto. Nyasi kavu sitandazi, maana hushika unyevu palepale shingoni.

Napanda mwisho wa Mei, mvua zikishapungua. Wiki 3 za mwanzo kila mche unapata nusu lita kila baada ya siku 2, asubuhi, namwagia chini bila kulowesha majani. Kisha mara moja kwa wiki. Mizizi ikishashika, siku 10 hadi 14 hupita bila tone.

Wengi huingiwa na hofu Juni na Julai. Maua ya gazania hujifunga jioni, na hujifunga pia kukiwa na mawingu, kwa hiyo asubuhi zile Arusha inapofunikwa, bustani nzima inaonekana imelala. Tafadhali usiongeze mbolea wala maji. Jua likitoka yatafunguka. Ndiyo sababu pia sipandi chini ya mjakaranda, hata kivuli kiwe chepesi.

Ua likikauka nakata kikonyo chake hadi chini, la sivyo nguvu zote huenda kwenye mbegu. Na mbegu za chotara hazirudishi rangi ya mama, kwa hiyo nazalisha kwa vichipukizi: nakata kwa kisu kikali kipande cha sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye shina, naondoa majani ya chini, nakichomeka kwenye mchanga wa mto wenye unyevu, kivulini. Wiki 3 au 4 kinakuwa na mizizi. Vidukari vikija, maji ya sabuni yanatosha.

Mwaka wa 2 au wa 3 katikati ya shina hupata upara. Hapo nachimbua lote, natupa sehemu kavu, nagawa pembeni vipande vyenye mizizi na kuvipanda siku hiyohiyo, shingo juu.