Kabla hujalipia PC ya gemu iliyofungwa tayari, uliza vile ambavyo hawajaandika

Wakuu, tangu ninunue deskitopu ya gemu iliyofungwa tayari nimekuwa nikiulizwa sana kama huko siyo kupigwa, manake mitandaoni ukisema umenunua mashine nzima badala ya kununua vipande ukafunga mwenyewe basi unaonekana umetupa hela. Mimi sikubaliani kabisa. Kuna mtu hana muda, kuna mtu hataki kugusa prosesa kwa mikono yake, na kuna vipindi soko lenyewe linakulazimisha, kama 2020 na 2021 kadi za grafiki zilivyoadimika kwa sababu ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali na uhaba wa chipu, ikawa watu wengi wanapata kadi kwa kununua mashine nzima. Kwa hiyo kufungiwa na mtu mwingine siyo shida. Shida ni kwamba tangazo linataja vitu viwili kwa maandishi makubwa, prosesa na kadi ya grafiki, halafu linanyamaza, na hapo liliponyamaza ndipo muuzaji alipobania. Mimi nikitaka kuipima mashine naanzia huko huko.

Hata hivyo vitu viwili vyenyewe huwa vinatajwa nusu nusu. "Core i7" peke yake haikuambii kitu. i7-2600 ni ya 2011, i7-4770 ni ya 2013, zote ni i7, na bado zinauzwa ndani ya makasha mapya yenye taa za rangi kama PC za gemu. i3-12100 ya 2022 ina viini (cores) 4 na nyuzi (threads) 8 sawasawa na ile i7-4770 na inaiacha mbali sana. Halafu kuna la Windows, maana Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali karibu prosesa za kuanzia kizazi cha 8 tu, na Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukinunua hiyo i7 ya zamani umejifunga mahali pabaya. Omba jina zima la prosesa na namba zake zote. Muuzaji asiyetaka kukupa namba achana naye, wapo wengine.

Kadi ndiyo usiseme. RTX 3050 ya 8GB na RTX 3050 ya 6GB ukiangalia majina unadhani tofauti ni memori tu, kumbe ile ya 6GB iliyotoka 2024 imepunguzwa hadi viini vya ndani, 2304 badala ya 2560, na inatumia umeme kama wati 70 wakati mwenzake anakula 130. Walishafanya hivyo hivyo kwenye GTX 1060 ya 3GB na ya 6GB. Lakini RTX 4060 Ti ya 8GB na ya 16GB chipu ni moja, pale kweli kilichobadilika ni memori. Sasa mnunuzi wa kawaida atajuaje? Hawezi kujua kwa jina, inabidi uulize GB ngapi kisha usome kuhusu kadi hiyo hiyo, siyo ndugu yake. Na kama mashine ni ya mkononi, yaani imeshatumika, lazimisha uione ikiwaka na programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, imefunguliwa, kwa sababu kuna kadi za enzi za GTX 550 Ti ya 2011 zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti, na GPU-Z inaziumbua nyingi ya hizo kwa kuandika wazi kwamba ni feki.

Haya, sasa tuje kwenye ukimya. RAM. Tangazo linasema 16GB, sawa, lakini ni kijiti kimoja cha 16 au viwili vya 8? Prosesa za kawaida zina njia mbili za kuongea na RAM, ukiweka kijiti kimoja unatumia njia moja, na kwenye gemu utaiona, fremu zinashuka na hasa zile za chini kabisa, ndiyo maana unaona namba ya wastani ni nzuri ila picha inakwamakwama. Wanaofunga mashine kwa wingi wanapenda kijiti kimoja kwa sababu ni rahisi kwao, na wana sababu nzuri ya kukuambia, eti wamekuachia nafasi ya kuongeza. Nafasi ya kuongeza inakuwepo hata ukiwa na vijiti viwili, kama mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipande vyote, ina sloti 4.

Kuna jingine la RAM ambalo nataka kila mtu alichek leo hii hata kama mashine unayo muda mrefu. Yangu ina Ryzen 5 7600, RTX 4070 na 32GB za DDR5, na kwenye boksi imeandikwa RAM ya 6000. Nilipoiwasha nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, nikaenda kwenye sehemu ya memori ya Task Manager, inasoma 4800. Siyo kwamba walinidanganya RAM, kijiti chenyewe ni cha 6000 kweli, ila spidi hiyo haiji yenyewe, lazima mtu aingie BIOS, yaani setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka, awashe profaili, kwenye AMD mara nyingi inaitwa EXPO na kwenye Intel XMP, na aliyeifunga hakuiwasha. Nikaingia, nikaiwasha, nikasevu, skrini ikawa nyeusi. Na hapa ndipo watu wanapaniki wakazima umeme. Usizime. Mashine za AM5 (soketi ya prosesa za AMD kama yangu) baada ya kubadilisha setingi za RAM zinaweza kukaa dakika kadhaa zikiipima upya, feni zinazunguka huku hakuna picha, iache tu. Ikarudi, nikafungua tena pale pale, 6000. Hicho ni kitu ulichokwisha kulipia, kichukue. Na ukiwa hapo hapo angalia sloti zilizotumika, kwenye mazabodi ya sloti 4 vijiti viwili kwa kawaida vinakaa ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, vikikaa jirani jirani mwambie fundi wao avihamishe au vihamishe mwenyewe kompyuta ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Pawa saplai sasa, kile kifaa kinachogawia mashine umeme, hii ndiyo sitaki masihara nayo hata kidogo kwa sababu ikifa vibaya inaweza kuondoka na wenzake. Kwenye tangazo utakuta "600W" bila jina la kampuni wala modeli. Nilipouliza kabla ya kununua, muuzaji mmoja alinijibu "ni ya gemu hiyo usijali", nikamshukuru nikaondoka. Ukipata nafasi ya kuona lebo ubavuni mwa pawa saplai, tafuta safu ya 12V, soma ampea, zidisha kwa 12. Mfano imeandikwa 30A, hiyo ni wati 360, na kadi na prosesa kwa sehemu kubwa zinakula kutoka kwenye hiyo 12V, kwa hiyo ile 600 iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu haina msaada kwako. Pawa saplai nzuri ya kisasa ampea zake za 12V ukizidisha zinakaribia sana namba kubwa ya juu. Na msidanganyike na stika ya 80 Plus peke yake, ile inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto, haipimi ulinzi wala ubora wa vilivyomo ndani. Ya daraja la Bronze iliyotengenezwa vizuri naichagua mbele ya ile ya Gold isiyojulikana. Kuhusu ukubwa, Nvidia wenyewe wanapendekeza 550W kwa mashine yenye RTX 4060 na 650W kwa RTX 4070, basi tumia hizo kama mwanzo wa mazungumzo.

Mazabodi nayo ina hila zake. Unaweza kupewa i7-12700, prosesa ambayo ikipewa nafasi inavuta hadi wati 180, ikawekwa kwenye bodi ya bei ya chini kabisa ambayo sehemu zake za kugawa umeme hazina hata chuma cha kupoza, basi inafika mahali inajibana yenyewe isiungue na wewe umebaki na i7 inayokimbia kama i5. Lakini kinachoniumiza zaidi ni yale makampuni makubwa yanayotengeneza mazabodi, pawa saplai na kasha kwa vipimo vyao wenyewe. Leo mashine iko sawa, baada ya miaka michache pawa saplai ikifa huwezi kununua ya kawaida, plagi haziingiliani, ukitaka kuhamisha kila kitu kwenye kasha lingine matundu ya skrubu hayalingani. Yaani umenunua deskitopu halafu ukapewa ugumu wa laptopu. Kwa hiyo swali moja la lazima: mazabodi ni ATX au micro-ATX (vipimo vinavyotumiwa na wengi) ya kawaida, na pawa saplai ni ya ATX ya kawaida? Wakisema ndiyo, omba wakuandikie.

Kasha: angalia mbele. Kioo kitupu mbele bila matundu ni pambo, hewa haina pa kuingilia. Mimi nataka wavu mbele, feni angalau mbili zinazoingiza na moja nyuma inayotoa. Taa sina neno nazo.

Mzigo ukifika usiiwashe kwa haraka. Fungua ubavu kwanza. Mashine nyingi zinazosafirishwa zinajazwa povu au mifuko ya hewa ndani ili kadi isicheze, na kuna watu wameiwasha vile vile povu likiwa limeziba feni. Toa lote, halafu angalia kadi kama imekaa sawa kwenye sloti na haijainama, sukuma taratibu kila plagi ya umeme, shika kipoozeo cha prosesa uone kama kinacheza. Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, chini kule, usichomeke juu kwenye mazabodi, maana ukichomeka juu ama hupati picha kabisa ama unacheza kwa grafiki ya ndani ya prosesa na kadi yako imelala. Na kama monita yako ni ya 144Hz ingia kwenye setingi za skrini uiweke 144, mara nyingi Windows inaanza na 60.

Baada ya hapo ni kuitesa. Watu wengi wanafungua gemu wanaloliweza, linacheza vizuri, wanasema mashine safi. Hapana, muda wa kurudisha bidhaa ni muda wa kazi. Mimi niliacha Cinebench ikizunguka nusu saa kwa ajili ya prosesa, nikaweka mtihani mzito wa kadi, HWiNFO ikiwa wazi pembeni kunirekodia joto, usiku nikaiacha MemTest86 ipime RAM. Unachotafuta siyo rekodi, unatafuta mashine ambayo alama ya mzunguko wa mwisho inakaribiana na ya mwanzo. Ikianza juu halafu ikaporomoka kadiri joto linavyopanda, kuna kipoozeo hakitoshi au hewa haizunguki. Kuhusu namba za joto, usitishwe na kila kitu, Ryzen nyingi za 7000 zimetengenezwa kuweza kukaa hadi 95°C zikibanwa, ila kama iko hapo wakati unatazama video tu basi kuna kitu. Joto la kadi likizidi sana nyuzi 80 na kitu na feni zinapiga kelele ya ajabu, rudisha. CrystalDiskInfo nayo ichek, inaonyesha diski ya SSD imewashwa kwa saa ngapi, mashine mpya haiwezi kuwa na saa elfu kadhaa.

Wale wanaoangalia mashine za Intel kizazi cha 13 na 14, hasa zile i7 na i9 kubwa, hii ni ya kwenu. Zilikuwa na tatizo la volti kupanda mno hadi prosesa inachakaa na mashine inaanza kukrash, Intel wakatoa marekebisho 2024 na kuongeza miaka 2 ya waranti kwa zilizohusika. Marekebisho yanakuja kupitia BIOS, na mashine iliyokaa stoo inaweza kuwa na BIOS ya zamani kabisa, kwa hiyo kuisasisha ni kazi ya kwanza hata kabla ya kudaunlodi gemu. Na kama ni ya mkononi iliyotumika muda mrefu bila hayo marekebisho, mimi nisingeichukua, kwa sababu prosesa ikishaumia marekebisho hayaiponyi.

Waranti yenyewe isome ukiwa bado na hela mfukoni. Uliza nani anagharamia usafiri mashine ikirudi, uliza kama kufungua ubavu au kuongeza RAM kunaivunja, na majibu yawe kwa maandishi. Piga picha namba za utambulisho za kadi, RAM na pawa saplai siku ya kwanza, ili ikienda matengenezo irudi na vile vile vilivyoenda. Boksi na povu lake vitunze hadi muda wa kurudisha uishe, na ikibidi uisafirishe baadaye chomoa kadi kwanza uifunge peke yake.