"Bado" ya kwetu, "mada" ya Kijapani

Wiki yangu ya tatu kiwandani hapa Nagoya, tunakopanga wali na samaki kwenye visanduku vya bento, msimamizi wa zamu, mama mmoja wa makamo, alinikuta mlangoni pa chumba cha mapumziko. Akaniuliza: "Mō tabemashita ka?" Umeshakula? Zamu yangu ya kula ilikuwa haijafika, nikajibu kwa adabu zote: "Iie, tabemasen deshita."

Uso wake ukabadilika. Alikwenda kwenye kabati lake, akarudi na onigiri, tonge la wali lililovikwa mwani, akanipa kwa mikono miwili, kisha akaanza kuwauliza wenzake kwa nini nimenyimwa nafasi ya kula.

Nilikuwa nimemwambia "Sikula": saa ya chakula imepita na sikupata kitu. Nilichokusudia ni "Sijala".

Wale mnaoanza Kijapani kwa vitabu vya Kiingereza, hapo nawaomba mkiweke kitabu kando. Kiingereza kina neno la jambo ambalo halijafanyika na neno jingine la jambo linaloendelea, ndiyo maana wanafunzi wanahangaika kwamba "mada" ina maana mbili. Sisi tunayo moja tu, "bado". "Mada tabete imasen": bado sijala. "Mada ame ga futte imasu": mvua bado inanyesha. Hata ile bado yetu inayosimama peke yake, ukiulizwa umeshakula ukasema "Bado" basi, wao wanayo: "Mada desu." (Msiichanganye na mada ya mazungumzo, sauti tu ndiyo imekutana.)

"Mō" nayo ni ile "-sha-" yetu. Mō tabemashita, nimeshakula. Ila ikikutana na ukanushi inageuka kuwa "tena": mō tabemasen, sili tena.

Ninachokipenda zaidi ni "-ja-". Kwetu mtoto wa miaka minne hachanganyi sikula na sijala, na tofauti hiyohiyo ndiyo iliyopo kati ya tabemasen deshita na mada tabete imasen. Miezi miwili nilikariri jedwali la kitu nilichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kesho yake nilimweleza yule mama kwa Kijapani changu cha kuunga-unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia polepole, "Mada, desu," huku akinitikisia kichwa nami nikirudia.

Japani iko mbele ya Tanzania kwa saa 6, kwa hiyo tarakimu ya saa yangu ya ukutani hulingana na saa anayoitaja mama yangu kwa Kiswahili. Jana ilisoma 6, jioni. Kwake Tanga ilikuwa saa sita mchana. Simu ikaita.

"Umeshakula, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Haya, kale kwanza."