Hela ya mchezo iliyompeleka mama Dodoma

Nilikuwa nacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu na wenzangu wa kazini, tupo kumi, kila mwisho wa mwezi unampa kijumbe elfu hamsini, kwa hiyo zamu yako ikifika unabeba laki tano nzima mkononi. Zamu yangu iliangukia mwezi wa nane 2024 na mipango yote ilishakaa kichwani, sofa za L, nilishafika mpaka Keko nikaongea na fundi, akanionyesha vitambaa na nikachagua cha kijivu.

Wiki hiyohiyo mama akaja kunitembelea, taarifa ya habari ikaonyesha treni ya umeme, ilikuwa imeanza kutoka Dar mpaka Dodoma Julai 25 mwaka huo. Mama akaacha kukunja nguo anaangalia tu. Yeye amekulia Kilosa, baba yake alikuwa mtu wa reli. Akasema "kumbe inapita Kilosa", akaendelea kukunja. Hakuomba kitu.

Sasa lazima niwaeleze mama yangu na hela. Ukimpa elfu hamsini anaigawa kabla hujavaa viatu. Pindo moja la khanga la umeme, pindo lingine la michango ya misiba, noti ya sadaka ya Jumapili inakaa ndani ya Biblia na haigusi hata kama hamna sukari ndani. Kuna mchumi wa Marekani, Richard Thaler, alipata Nobeli ya uchumi 2017, moja ya mambo aliyoyafanyia kazi ndo hilihili, kwamba watu tunagawa hela kichwani mafungu mafungu, kila fungu na kazi yake, wala hatupendi kuyachanganya japo kihesabu shilingi ni shilingi tu popote ilipo. Niliposoma hayo nikamuona mama mtupu. Ila mimi kinachoniuma ni kingine, kwenye mafungu yote ya mama hakuna la kwake. La wajukuu lipo, la kanisa lipo, la mdogo wake lipo, la kikundi lipo, la raha zake mwenyewe sijawahi kuliona tangu nimepata akili. Yani ungempa nauli ya kwenda kutembea, ile nauli ingeishia kwenye madaftari ya mtoto wa mtu.

Ndo maana sikumpa hela. Nikaingia kwenye simu nikakata tiketi tatu, yake, yangu na ya mama mdogo, daraja la kawaida, elfu 31 kwa mtu kwenda tu, kwa hiyo kwenda na kurudi watatu 186,000, nikapata kontrol namba nikalipia palepale. Nikampigia.

"Shilingi ngapi?"

"Mama, ishalipwa."

"Nimesikia ishalipwa, shilingi ngapi? Si ungenipa nikanunua mchele mwanangu."

Nikamwambia hela haipo tena mama, imeshakuwa tiketi. Akakaa kimya kidogo, alafu akauliza, "Huko Dodoma saa hizi kuna baridi? Nivae nini?"

Kuanzia hapo mama alikuwa mtu mwingine kabisa, na safari bado iko mbali. Akawaambia kwaya nzima. Jioni anapiga simu, mara treni ina choo, mara tunaruhusiwa kubeba chapati. Mimi naamini kabisa raha yake ilianza zile siku za kusubiri, manake hakuna cha kulipa kilichobaki, hakuna cha kujibana, kazi yake ni kufurahi tu.

Siku yenyewe mama mdogo alishika kiti kwa mikono miwili mpaka tukapita Ruvu, akaona kumbe haitikisiki. Mama alikuwa dirishani. Baada ya Morogoro akaanza kuongea na hakunyamaza tena, jinsi treni ya zamani ilivyokuwa inalala njiani, wauza ndizi na mayai wakigonga madirisha usiku, jinsi mvua ikizidi reli inasombwa kule kuelekea Gulwe na baba yake anaondoka nyumbani hajulikani anarudi lini. Habari za babu sikuwahi kuzisikia, hata moja. Tulipofika Kilosa alisimama kabisa, alafu tukaingia kwenye mahandaki ya milimani akanishika mkono kama mtoto.

Dodoma tulikula, tukazunguka sokoni, akanunua zabibu akazifunga vifuko vifuko, cha wajukuu, cha jirani, cha mwalimu wa kwaya. Nikamwacha. Zabibu zinagawika, ile safari hana wa kumgawia, ni yake peke yake.

Dada yangu aliposikia akauliza hela yote hiyo mmeimalizia kwenye treni? Nikamwambia ndiyo, na ningeirudia kesho. Hela iliyobaki nikampelekea fundi wa Keko kama advansi, sofa zikaja baadaye, nzuri tu, ila nikwambie ukweli sijawahi kusikia mtu akizisimulia.

Mchezo umeanza upya, nimemwomba kijumbe aniweke Desemba na mama nimeshamwambia mapema ili apate muda wa kusubiri. Mama mdogo yeye anauliza reli ya Tabora itaisha lini.