Jinsi nilivyomtambua mwenye medali ya wahudumu wa kujitolea

Medali iliyokuwa katika kopo la marehemu babu, nyumbani kwetu mtaa wa Kenya, Lubumbashi, ilinipotosha kwa miezi kadhaa, kwa kuwa ina sura ya Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901, nami nikawa natafuta mtu wa enzi hizo. Utepe wake, mistari mitatu myeusi na miwili myeupe, ndio ulionijulisha kuwa ni medali ya utumishi ya Mtakatifu Yohana, shirika la wahudumu wa kujitolea wa huduma ya kwanza, medali iliyoanzishwa mwaka 1898 na kuendelea kubeba sura hiyo hata baada ya kifo cha malkia. Sikuisugua kwa dawa, maana herufi hufutika. Niliipangusa kwa pamba kavu, nikaugeuza ukingo wake kuelekea taa. Jina lililochongwa pale lilikuwa lile lile la kitabu chake cha kazi cha migodini Kitwe: babu mwenyewe, ambaye hakutusimulia kamwe kwamba aliwahi kubeba majeruhi.