Spika kubwa, chumba kidogo: ule mvumo wa Hz 51 hatimaye umetulia

Besi imekaa! Naandika usiku huu huu kabla sijagusa kitu kingine.

Chumba changu cha muziki na filamu ni kilekile cha Sinza, Dar, mita 3.4 kwa 3, tofali za simenti pande zote, dari ya jipsamu. Spika ni zile Klipsch za mtumba zinazonifika kiunoni, kila moja ina woofa mbili na tundu la hewa nyuma. Mambo ya nyaya na risiva (mashine inayoendesha spika) yalishakwisha. Kilichobaki kunisumbua kilikuwa noti moja tu.

Weka muziki wa dansi. Gitaa la besi linatembea vizuri, kila noti unaisikia, halafu mpigaji anashika freti ya nne kwenye waya mnene kabisa na chumba kizima kinavuma kama tangi tupu lililogongwa. Akihama freti chache, mvumo hakuna. Kwenye filamu ni balaa zaidi, maana bomu na mlango uliobamizwa vinatoka na sauti ileile.

Hesabu inaeleza kila kitu. Kwa joto la Dar, nyuzi 30 hivi, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, maana sauti inakwenda hadi ukutani na kurudi, unapata Hz 51, yaani mitetemo 51 kwa sekunde. Noti ya freti ile ni Hz 52. Nilipopima kwa REW, programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba, na maikrofoni ya kupimia ya UMIK-1, kilele cha grafu kilisimama palepale. Nilifurahi sana kuona mstari ule, hata kama ulikuwa mbaya.

Na hapa niseme wazi: trei za mayai, zile watu wanazobandika ukutani kutuliza sauti, hazifanyi chochote kwa besi. Wimbi la Hz 51 lina urefu wa karibu mita 7, trei italishika wapi? Ushauri mwingi wa mitandaoni nao unatoka kwenye nyumba za Marekani zenye kuta za mbao na jipsamu, ambazo hutikisika na kula sehemu ya besi. Ukuta wa tofali hauli kitu cha maana, unarudisha karibu yote. Nilijaza sufi kwenye magunia nikayapanga kwenye kona mpaka darini: sauti za watu zimesafika mno, ila Hz 51 haikutikisika.

Kilichofanya kazi ni kiti. Kilikuwa kimegusa ukuta wa nyuma, na ukutani ndipo mvumo unapokuwa na nguvu kuliko kote. Katikati ya chumba nako noti inapotea kabisa, unabaki na shimo, na shimo halizibwi kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti) hata uongeze vipi. Nikawa nasogeza kidogo, napima, nasogeza tena, hadi nikatua mita 1.3 kutoka ukuta wa nyuma. Kilele kikashuka karibu desibeli 8. Kisha nikaziba matundu ya spika kwa sponji ya godoro iliyoviringwa, besi ya chini ikapungua taratibu badala ya kusukumwa na ukuta. Kilichosalia nilikikata kwa kichujio kimoja chembamba, kinachogusa noti hiyo tu, kwenye Equalizer APO, programu ya ikwalaiza ya kompyuta. Hiyo na REW zote ni za bure, na kwangu zinashinda kile kipimo cha risiva kinachojiendesha chenyewe, kwa sababu unaona unachokata.

Sasa freti ya nne ni noti kama nyingine. Nimerudia wimbo uleule mpaka jirani amegonga ukuta.

Hatua niliyopanga ifuate ilikuwa spika za pembeni za filamu. Zitasubiri. Nimeanza kutafuta subwoofa (spika za besi tu) mbili ndogo zinazofanana, moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zipige pamoja. Zikisukuma hewa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, huo mvumo wa urefu wa chumba haupati pa kujijengea, na kiti nitakirudisha ukutani nipate njia ya kupita.