Waranti ya ziada, pikapu ya mtumba na fundi anayejua kuandika

Giaboksi ya pikapu yangu imebadilishwa, na sehemu kubwa ya bili imelipwa na kampuni ya waranti ya ziada, ile unayoinunua ikulipie matengenezo waranti ya kiwandani ikiisha. Naandika mambo yakiwa bado mabichi kichwani, maana kila niliyemsimulia ameshangaa. Wengi wanaamini waranti hizi ni utapeli mtupu. Wengine, hasa walionunua gari juzi, wanaamini zinalipa kila kitu. Mimi nimetoka humo na imani ya tatu: kampuni haiangalii kipuri kilichokufa, inaangalia kimekufa kwa sababu gani, na sababu hiyo inaisoma kwenye karatasi ya fundi kabla nati hata moja haijafunguliwa.

Pikapu yenyewe ni ya dizeli, ya milango minne, inavuta magurudumu yote, giaboksi ya otomatiki. Niliinunua ikiwa imeshatembea sana na waranti ya kiwandani imekwisha. Muuzaji alinitajia waranti ya ziada dakika zile za kusaini, ambapo mtu ameshachoka na anachotaka ni ufunguo tu. Nikamwomba mkataba wenyewe, si kile kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka, nikaenda nao nyumbani. Niliusoma kuanzia nyuma, kwenye kurasa za visivyolipwa. Huko ndiko mkataba unakosema kweli.

Mikataba hii iko ya namna mbili. Mmoja unataja vipuri vinavyolipwa, na kisichotajwa hakilipwi. Wa pili unataja visivyolipwa, na kilichobaki chote kimo. Wa pili ni ghali zaidi, lakini kwa gari lenye vikorokoro vingi kama hili, nikauchukua huo. Orodha ya visivyolipwa ilikuwa ile ya kawaida: breki pedi, matairi, betri, wepa, hozi za mpira, vimiminika vyote, na klachi ya gari la gia za mkono. Kulikuwa na kipindi cha kungoja pia. Mikataba mingi inadai siku 30 na kilomita 1,600 kabla ya dai la kwanza, ili mtu asinunue waranti leo kwa gari linalogonga tangu jana. Na kila dai lina kiasi ambacho mwenye gari anajilipia mwenyewe. Hapo hakuna la ajabu.

La ajabu liko kwenye vifungu viwili ambavyo mwenye pikapu lazima avisome mara mbili. Kimoja kinakataa gari linalotumika kibiashara. Kingine kinakataa uharibifu uliotokana na kuvuta au kubeba kuliko kiwango cha mtengenezaji. Pikapu hununuliwa ibebe mizigo, na kampuni inalijua hilo vizuri. Mimi nafuga nyuki. Nyuma ya gari kuna mizinga, mara nyingine trela dogo. Asali naigawa kwa ndugu na jamaa, sijauza hata chupa. Nilijua swali hilo litakuja siku moja, na lilikuja kweli.

Ugonjwa wenyewe ulianza kimyakimya. Maji ya rejeta yalikuwa yanapungua na chini ya gari hapakuwa na tone. Kisha kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa gari likaanza kutetemeka, mtetemo mwepesi unaokuja gia ikibadilika na kupotea nikikanyaga mafuta. Nilipoona taa ya onyo imewaka niliegesha pembeni, nikazima, nikapiga simu waje kulivuta. Kwenye risiti ya kuvutwa niliomba waandike kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Mvutaji aliniangalia akidhani nina matatizo, lakini aliandika.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakiangalia, akanipa nikiangalie. Oili inayotakiwa kuwa nyekundu na ang'avu ilikuwa imegeuka maziwa ya waridi. Hakuhitaji kompyuta. "Mama," akaniambia, "hapa rejeta imeiua giaboksi."

Naeleza kidogo, maana fedha zote za habari hii ziko hapa. Kwenye magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi inapozwa ndani ya rejeta: kuna kipozea kidogo kilichozama kwenye maji ya rejeta, oili inapita ndani, maji yanapita nje, hayakutani. Kipozea kikipasuka yanakutana. Injini ikiwa inaunguruma, presha ya oili kwa kawaida ndiyo kubwa, kwa hiyo oili husukumwa kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaanguka mara moja wakati maji bado yana moto na presha yake, basi maji nayo yanaingia kwenye oili. Ndani ya giaboksi, maji na ile kemikali ya glaikoli iliyomo kwenye kulanti (hayo maji ya rejeta yenye dawa) huila gundi inayoshikilia karatasi ya msuguano kwenye sahani za klachi. Karatasi inabanduka. Ndiyo maana kumwaga oili na kuweka mpya hakuponyi giaboksi iliyokwisha kunywa maji kiasi hicho. Itatembea kidogo, kisha itarudi pale pale.

Sasa tazama karatasi. Dada wa mapokezi kwenye gereji alikuwa ameshaandika kwenye kompyuta: "Giaboksi imeharibika, inahitaji kubadilishwa." Sentensi hiyo ni ya kweli na ingenigharimu fedha zangu zote. Msimamizi wa madai wa kampuni ya waranti akiisoma anajiuliza: imeharibika kwa nini? Kwa uchakavu? Kwa trela? Ilikuwa mbovu kabla ya mkataba? Kila swali lisilojibiwa linakuwa mlango wa kukataa. Fundi wangu, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi kwa wakala wa magari mapya, akaifuta na kuanza upya kwa mpangilio wa mambo matatu: malalamiko ya mteja, chanzo, tiba. Akaandika kwamba mteja analalamika mtetemo na taa ya onyo. Chanzo ni kipozea oili ndani ya rejeta kimepasuka na kuruhusu maji kuingia kwenye giaboksi. Tiba ni rejeta mpya, giaboksi pamoja na tokikonveta yake (kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), na kusafisha mabomba ya kipozea. Akaweka picha ya kijiti, picha ya mfuniko wa rejeta wenye utando wa oili, na kipimo cha presha kilichoonyesha rejeta haishikilii.

Rejeta haikuwa kwenye orodha ya visivyolipwa. Hilo ndilo lililoniokoa. Kama ningechukua ule mkataba wa namna ya kwanza, unaotaja giaboksi bila kutaja rejeta, wangeniambia giaboksi imeuawa na kipuri kisicho kwenye mkataba, na kifungu cha kukataa madai ya namna hiyo kipo karibu kila mahali. Giaboksi ileile, ugonjwa uleule, na nisingepata kitu.

Simu ya kuomba idhini hupigwa na gereji, si na mwenye gari, na hupigwa kabla ya kazi. Ukitengeneza kwanza ukapeleka risiti baadaye, jibu utakalopata unalijua. Msimamizi alitaka giaboksi ifunguliwe ili waone ndani. Hapa pana mtego. Kufungua ni kazi ya saa nyingi, na kabla hawajafungua unasaini kwamba dai likikataliwa utailipa wewe. Fundi aliwarudishia hoja: hakuna cha kutafuta ndani wakati ushahidi uko kwenye kijiti. Akapendekeza washushe sampu tu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, wapige picha ya mabaki, wachukue oili kidogo kwenye chupa. Wakakubali, na wakasema watamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuja na kamera na utaratibu wake. Namba ya chesisi, kilomita, ukubwa wa matairi kuona kama nimeweka makubwa kuliko ya kiwandani, springi za nyuma kuona kama zimeongezwa. Alipofika kwenye ndoano ya trela alipiga picha nyingi kuliko kwenye giaboksi. Akaniuliza navuta nini. Nikamwambia mizinga ya nyuki, nikamtajia uzito wa trela likiwa limejaa, nikamwonyesha kwenye kitabu cha gari uzito unaoruhusiwa. Akauliza kama ni biashara. Nikasema hapana, na ni kweli hapana. Aliandika, hakutabasamu. Sijui kama alikuwa anaogopa nyuki.

Kisha akaomba risiti za sevisi. Zote ziko kwenye bahasha moja ndani ya gari, na kila moja ina tarehe, kilomita, namba ya gari na aina ya oili iliyotumika. Zile za oili niliyobadilisha mwenyewe nyumbani zina risiti ya oili na ya filta zimebanwa pamoja, na nyuma nimeandika kilomita. Walitaka hasa kujua kulanti ilibadilishwa lini. Ilikuwemo.

Idhini ilitoka, ila si kwa giaboksi niliyoitarajia. Mkataba unasema watalipa kipuri "cha aina na ubora unaolingana", na kwa lugha yao hicho kinaweza kuwa kipuri kilichochomolewa kwenye gari lililopata ajali. Walipata giaboksi ya mtumba mahali fulani na kutaka gereji iifunge. Fundi akasema ataifunga, lakini hataiwekea neno lake, na ikifa hakuna atakayelipia kazi ya kuishusha tena. Nikauliza kama naweza kuchukua kiasi walichokubali kulipia ile ya mtumba na kuongezea mwenyewe nipate iliyojengwa upya kiwandani yenye waranti yake. Walikubali bila ubishi wowote. Nashuku hupenda swali hilo, maana linawaondolea lawama, lakini hawatakuambia usipouliza.

Mengine yaliyobaki kwangu: lile fungu langu la kila dai, oili na kulanti, hozi mbili, na tofauti ya kiwango cha saa. Kampuni hulipa kazi kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha viwango na kwa bei ya saa isiyozidi kikomo chao. Gereji ikiwa ghali kuliko hapo, tofauti ni yako. Gari la kukodi la kutumia wakati wa matengenezo nalo walilihesabu kwa saa za kazi, si kwa siku nilizokaa bila usafiri nikisubiri giaboksi ifike. Kifungu hicho nilikisoma mapema na bado kiliniudhi.

Malipo yenyewe yalifanyika kwa kadi kupitia simu, kampuni moja kwa moja kwa gereji. Kuna gereji zisizokubali utaratibu huo. Zinataka ulipe wewe kisha udai, na hapo unakuwa umeikopesha kampuni. Mimi niliuliza kabla gari halijashushwa kwenye breakdown iliyolivuta, nikiwa bado naweza kumwambia dereva alipeleke kwingine.

Sasa najiuliza kama niendelee na mkataba. Jumla ya madai yote ina kikomo, na kikomo hicho ni thamani ya gari, kwa hiyo giaboksi imekula kipande kikubwa. Kuuvunja kunarudisha fedha kwa hesabu ya muda au kilomita zilizobaki, wakishapunguza madai waliyokwisha kulipa, maana yake kwangu ni karibu na sifuri. Nitaubakiza. Nikiuza pikapu kabla haujaisha, unaweza kuhamishiwa mnunuzi kwa ada ndogo, mradi nipeleke fomu mapema na nimkabidhi ile bahasha ya risiti. Mnunuzi mwenye akili ataomba bahasha kabla hajaomba kuliwasha gari.